Sweta la Pembesita

Juni ikishaingia, basi la kutoka Dar es Salaam linaposimama Makambako alfajiri, wageni huwatambui kwa mizigo yao, unawatambua kwa mikono: wameikunja kifuani, viganja wamevificha kwapani. Wenyeji wanaopanda gari la Njombe wamevaa kofia za uzi na sweta juu ya sweta. Huko mbele, Makete na kwenye uwanda wa Kitulo, ziko asubuhi za Julai ambapo umande huganda juu ya majani ya viazi, na mkulima huamka akakuta shamba limeungua kwa baridi. Watu wa pwani wakisikia habari hizi hudhani ni za Ulaya. Ni za Tanzania hii hii, na baridi yake inataka nguo ya kweli.

Nguo hiyo kwa wengi wetu hutoka mtumbani. Sina neno baya juu ya mtumba. Umewatia joto watoto wengi wa Nyanda za Juu Kusini. Lakini katika masweta yanayomwagwa juu ya turubai siku ya gulio, mara moja moja hutokea lisilofanana na mengine, lililofumwa kwa kroshia, ile sindano moja yenye kichwa kilichopinda. Muuzaji hulitupa kwenye fungu lile lile la bei moja. Mimi hulichukua kulitazama hata kama halinitoshi, kwa kuwa najua juu yake jambo ambalo siwezi kulijua juu ya sweta jingine lolote pale: kila kitanzi chake kimepita katika vidole vya mtu.

Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Kufuma kwa sindano mbili kulipata mashine yake zamani sana, mwaka 1589, pale Mwingereza William Lee alipounda mtambo wa kufumia soksi. Vitambaa vikapata vitanda vya mfumi vinavyoendeshwa kwa mitambo, mshono ukapata cherehani. Kroshia imebaki. Sababu iko kwenye umbile la kazi yenyewe. Anayefuma kwa sindano mbili ana safu nzima ya vitanzi vilivyo wazi kwa pamoja, na mashine inaweza kupanga sindano mamia kwa mstari na kuvivuta vyote kwa mpigo. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Kila stichi inakamilishwa na kufungwa kabla ya nyingine kuanza, kisha kichwa cha sindano kinarudi kutafuta tundu katika kazi iliyokwisha kufumwa, mara juu, mara pembeni, mara katikati ya nafasi. Macho na vidole hufanya hivyo bila kufikiri. Kwenye maabara wapo wanaolijaribu jambo hili kwa mitambo, lakini viwandani blauzi zinazouzwa kama kroshia ama zimefumwa na watu, ama zimetoka kwenye mashine nyingine zinazoiga sura yake tu. Zigeuze, zivute kidogo, ufuatilie uzi mmoja. Utaona unakwenda juu na chini kwa zigizaga moja ile ile ya mashine, wala haurudi kuzunguka stichi iliyotangulia.

Kwa sababu hiyo naona kila anayetaka kujifunza kroshia aanze na sweta la kuvaa, lile la kufunguka mbele, wala asianze na kile tulichozoea kuanza nacho. Tulichozoea ni vitambaa vya makochi. Kizazi cha mama zetu kilijifunzia hapo: uzi mwembamba wa pamba, kroshia nyembamba kama njiti, maua madogo meupe ya kutandika kwenye viti vya sebuleni na juu ya redio. Ni kazi nzuri na naiheshimu, lakini ni kazi ya fundi aliyekwisha kukomaa. Macho ya mwanafunzi huumia, vidole hukaza, na mwisho wake anapata kitambaa kinachowekwa juu ya kiti kisichohisi baridi. Uzi mnene na kroshia ya milimita 5 au 5.5 humwonyesha mtu kila kitanzi waziwazi. Na jioni ya baridi, kazi yenyewe ikishafika upana wa kiganja mara tatu, humlalia magotini ikampa joto kabla haijaisha.

Watu huogopa sweta kwa sababu ya mikono na mabega. Wanadhani lazima kuwe na vipimo kama vya fundi cherehani, makwapa ya kukatwa, vipande vya kulinganishwa. Hofu hiyo ina dawa, na dawa yenyewe ni moja ya mambo mazuri sana niliyoyaona katika kazi za mikono: sweta la pembesita. Linafumwa vipande viwili tu vinavyofanana, kila kimoja kina pembe sita.

Unaanza na mnyororo mfupi uliofungwa kuwa duara. Ndani yake unafuma mafungu sita ya stichi tatu ndefu, na kati ya fungu na fungu unaweka mnyororo wa vitanzi viwili. Nafasi hizo sita ndizo pembe. Mzunguko unaofuata, kila pembe inapewa mafungu mawili yenye mnyororo katikati. Kuanzia hapo, mzunguko baada ya mzunguko, pembe hupata mafungu mawili na kila nafasi ya ubavuni hupata fungu moja. Basi. Hakuna jingine la kujua mpaka kipande kifike saizi.

Tazama jinsi njia hii inavyomhurumia anayeanza. Anayefuma kwa safu za kwenda na kurudi hupoteza stichi ya mwisho au ya kwanza bila kujua, na kitambaa alichokusudia kiwe mraba huanza kuchongoka kuwa pembetatu. Dawa ya hapo ni kufunga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye stichi ya kwanza na ya mwisho ya kila safu, na kuhesabu. Lakini mzunguko hauna mwisho wa safu wa kupoteza. Tena sindano haiingii kwenye kichwa chembamba cha stichi, inaingia kwenye nafasi ambayo hata kidole kinapita. Mtu anaweza kufuma huku akizungumza na wageni.

Ufikapo mzunguko wa nne au wa tano, kipande hukataa kulala. Ukikitandika mezani kinanyanyuka, kinajikunja mawimbi. Wengi hapa hukata tamaa wakidhani wamekosea. Hawajakosea hata kidogo. Kipande cha namna hii chenye pembe nne ndicho ule mraba wa rangi nyingi tunaouona kwenye mablanketi ya kufuma, ambao maelekezo yake yalichapwa huko Marekani mwaka 1885 katika gazeti la wakulima la Prairie Farmer. Mraba hulala sawasawa kwa kuwa kila pembe inashika digrii 90, na pembe nne zinakamilisha digrii 360, yaani duara zima, haizidi wala haipungui. Pembesita yetu imeongeza pembe mbili za aina ile ile. Digrii 540 zimewekwa mahali penye nafasi ya 360. Zile 180 za ziada hazina pa kukaa mezani, kwa hiyo zinanyanyuka.

Sasa ikunje. Shika pembe, ilaze, na kitambaa chenyewe kitajipanga kuwa umbo la herufi L, tabaka mbili, ya mbele na ya nyuma, kila tabaka ikiwa na digrii 270 kuzunguka kile kitovu ulichoanzia. Kitovu kimekuwa kwapa. Mguu mmoja wa L umekuwa mkono wa sweta, mguu mwingine umekuwa ubavu wa mwili. Pande sita nazo zimepata kazi zao: mmoja ni mdomo wa mkono, mmoja ni pindo la chini, mmoja unakwenda kuungana na kipande cha pili katikati ya mgongo, mmoja unabaki wazi kifuani, na mbili zinakutana juu ya bega na kushonwa pamoja, ukiacha nafasi ya shingo. Hakuna kilichokatwa. Ziada iliyokataa kulala mezani ndiyo iliyompa mvaaji nafasi ya kunyanyua mkono.

Hesabu za maumbo ya namna hii, yenye eneo kubwa kuliko tambarare inavyoweza kubeba, ziliwatesa walimu wa vyuo vikuu kwa miaka mingi, kwa sababu ni vigumu kumwonyesha mwanafunzi. Walitengeneza mifano ya karatasi ikachanika. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimiņa, aliyezaliwa Latvia na kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua kroshia na kufuma uso wa namna hiyo kwa kuongeza stichi kwa kiwango kisichobadilika, na wanafunzi wake wakaweza kuushika, kuukunja na kuupima kwa mikono. Dada wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakalichukua wazo hilo na kuanzia mwaka 2005 wakafuma miamba ya matumbawe ya uzi iliyozunguka katika majumba ya makumbusho. Mwanamke wa Njombe anayefuma pembesita kibarazani yumo katika hesabu hiyo hiyo, na ningependa aambiwe hivyo.

Saizi nayo haina fumbo. Zungushia kifua futi ya fundi, ongeza kidogo ili sweta lisibane, gawa kwa mbili. Hapo umepata urefu wa upande mmoja wa pembesita. Kifua cha sentimita 96, ukiongeza 14 ni 110, nusu yake ni 55. Ukifika 55, acha. Kwa kuwa pande zote ni sawa, mdomo wa mkono utakuwa mpana vile vile, kwa hiyo unaongeza mizunguko michache ya kuurefusha na kuubana kwenye kifundo cha mkono, na unaweka ukanda kuzunguka kifua, shingo na pindo. Mtu mnene au mwembamba, mtoto au babu, maelekezo ni yale yale. Kinachobadilika ni mzunguko wa kusimamia.

Mtu atakayejifunza kwa video za mtandaoni nampa tahadhari moja tu. Waingereza na Wamarekani hutumia jina moja kwa stichi mbili tofauti, na wengi wamefuma sweta zima la stichi fupi wakidhani ni ndefu. Tafuta kwanza maelekezo ni ya nani. Afadhali zaidi ni kujifunza kusoma michoro ya alama ambayo Wajapani wameizoea katika vitabu vyao: kila stichi ina alama yake, na mtu asiyejua neno la Kijapani anaweza kufuma kutoka mwanzo hadi mwisho.

Juu ya uzi nina mengi, nitayafupisha. Uzi mwingi tunaouziwa madukani ni akriliki. Unafuliwa kirahisi na hauwashi, lakini usiupige pasi ya moto, maana unalegea na kulala moja kwa moja. Sufu ni bora kwa baridi ya kweli, kwa kuwa inaweza kunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake bila mvaaji kuhisi kuwa ameloa, na hilo si jambo dogo kwa anayetembea kwenye ukungu wa asubuhi. Kondoo wetu wengi wana nywele badala ya sufu, ndiyo maana sufu ni adimu kwetu, ingawa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kipo kikundi cha wanawake wanaoisokota kwa mkono hadi leo. Njia ya mkato ipo mtumbani. Nunua sweta kubwa la sufu, kagua mishono ya ndani: ikiwa kingo zimekatwa na kupigwa overloki, liache, maana litakupa vipande vifupi visivyofaa, ikiwa kingo ni nzima, lifumue, ufue uzi, uutundike na kitu kizito upate kunyooka. Umepata sufu ya miaka mingi kwa bei ya sahani ya chipsi.

Na fahamu kwamba joto halitoki kwenye uzi peke yake. Linatoka kwenye hewa iliyozuiwa kati ya nyuzi. Kroshia ina matundu, na upepo wa Kitulo unayajua. Kwa hiyo sweta hili huvaliwa chini ya koti siku ya upepo, na juu ya shati siku tulivu. Hiyo ni hulka yake, tuichukue kama ilivyo.

Shangazi yangu alikuwa na neno moja kwa kila msichana aliyelia baada ya kukosea: "Fumua, mwanangu, uzi haupotei." Kwa kuwa kitanzi kilicho wazi ni kimoja, ukikivuta kazi yote inarudi kuwa uzi, safu kwa safu, mpaka pale ulipokosea. Kitambaa kilichokatwa vibaya kwa mkasi hakirudi. Hapa anayeanza hupoteza muda wake tu, lakini muda huo ndio kitu ghali kuliko vyote vilivyomo ndani ya sweta.

Muda huo umewahi hata kuwalisha watu. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu wa viazi, huu huu ambao wakulima wa Njombe huupulizia dawa msimu wa mvua, uliingia Ireland na kuleta njaa iliyoua watu kama milioni moja. Katika miaka hiyo kroshia ikawa chakula. Watawa wa Ursuline huko Blackrock, Cork, waliwafundisha wasichana kuifuma, na mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa mchungaji, aliianzisha katika mji wa Clones. Wanawake waligawana kazi: mmoja alifuma waridi peke yake, mwingine majani, mwingine akaunganisha. Maua yale yaliishia kwenye kola za mabibi wa London na Paris, na senti zilizorudi zililipa kodi ya nyumba na nauli za meli za kwenda Marekani. Mwishoni mwa karne ile Malkia Victoria mwenyewe, akiwa na miaka themanini na ushee, alifuma skafu nane ambazo mwaka 1900 zilitolewa kwa askari waliopigana vita vya Afrika Kusini. Alivyozifuma yeye ndivyo alivyofuma msichana wa Clones, stichi baada ya stichi, kwa mwendo ule ule. Tofauti yao ni kwamba malkia hakuhitaji kulipwa.

Hapo ndipo moyo wangu unaponiuma ninapopita sokoni. Tuseme sweta limemchukua fundi saa 30, na uzi umemgharimu shilingi 30,000. Mteja anaangalia, anasifu, kisha anatoa 45,000 na kusema hiyo ni bei nzuri kwa kitu cha uzi. Fundi amebakiwa na 15,000. Gawa kwa saa 30: shilingi 500 kwa saa. Mteja huyo huyo asingethubutu kumpa bodaboda mia tano kwa saa nzima. Analinganisha sweta lile na la mtumbani lililotoka kwenye mashine kwa dakika chache, au na blauzi ya dukani iliyoletwa kutoka mbali kwa bei ya chini. Na ikiwa ile ya dukani ni kroshia ya kweli, bei yake ya chini haina maelezo mengine ila kwamba kuna mtu mahali fulani aliyefuma kwa malipo ambayo wewe usingeyakubali.

Aliyewahi kufuma sweta lake mwenyewe hawezi kufanya kosa hilo. Anajua mzunguko wa ishirini unachukua muda mrefu kiasi gani kuliko wa pili, kwa kuwa kila mzunguko ni mrefu kuliko uliotangulia. Anajua maumivu ya kidole cha shahada na utamu wa kuona pindo limekamilika. Akiona bei, hesabu inajifanya yenyewe kichwani mwake. Ndiyo sababu namtaka hata mtu ambaye hatafuma tena maishani afume hili moja. Vijana wa kiume wasijitoe. Nyavu za wavuvi zimefungwa kwa vidole vya wanaume, na kroshia haimkatai mtu.

Baridi ya Njombe haingoji. Anayetaka kuvaa sweta lake Juni aanze Machi, wakati wa mvua, na anunue mabonge yote kwa siku moja, akikagua kwenye karatasi ya kila bonge kwamba namba ya rangi ni ile ile, maana rangi iliyochovywa siku nyingine haifanani. Na anayetaka kufumiwa naye aagize Machi hiyo hiyo, atoe kwanza fedha ya uzi wote ili fundi asinunue bonge moja moja, akubaliane naye malipo ya saa zake kabla hajashika kroshia, na siku ya kuchukua mzigo asiombe punguzo.